Uvimbe mkali wa ubongo: tiba kamili ng'ambo, mionzi ya muda mfupi Lusaka, au matunzo Lubumbashi

Picha ya skana ikishasomwa na neno glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo, likatamkwa, familia nyingi za Lubumbashi huingia kikaoni na swali moja: tumpeleke wapi? Mmoja anataja India, mwingine Johannesburg. Shangazi anasema Lusaka, kwa kuwa kuna ndugu Kitwe wa kufikia. Yule anayelala na mgonjwa hospitalini, ambaye ndiye anayejua kama bado anaweza kujiogesha au la, mara nyingi haulizwi chochote. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya kikao cha namna hiyo. Sitasema njia ipi ni bora kwa kila mtu, kwa sababu haipo. Nitaziweka njia tatu kwenye mizani moja, kila familia ijipimie.

Kwanza hakikisheni ugonjwa wenyewe

Skana huonyesha doa, lakini haithibitishi jina lake. Kwetu huku, doa la ubongo lenye uvimbe wa maji pembeni linaweza kuwa jipu la usaha, kifua kikuu cha ubongo, toksoplasma kwa mtu mwenye VVU asiyejijua, au vifuko vya tegu wa nguruwe. Yote hayo yana dawa. Kuna pia meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, ambao mara nyingi hutolewa kwa upasuaji na mtu akaendelea na maisha yake. Na kuna saratani iliyoanzia pafuni au kwenye titi ikapanda kichwani, ambayo tiba yake ni nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kuuza kiwanja: kipimo cha VVU, picha ya kifua, IRM (MRI, picha ya ubongo kwa sumaku) yenye dawa ya kuchomwa mshipani, na kama daktari wa upasuaji wa ubongo anaona inawezekana, biopsia, yaani kutoa kipande kidogo kikapimwe. Muulizeni pia kama deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa maji kichwani, inaweza kusubiri hadi biopsia ifanyike, maana kuna limfoma ya ubongo, saratani ya aina nyingine, ambayo hunywea kwa muda ikipewa dawa hiyo, kisha kipande kinachotolewa hakisomeki. Akisema presha ya kichwa ni hatari na dawa ianze leo, basi ianze leo.

Ikithibitika kuwa ni glioblastoma, mjue mnachokabili. Ni daraja la 4, la juu kabisa, katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Haina mpaka: seli zake hupenya ndani ya ubongo ulio jirani, hivyo daktari akisema ametoa uvimbe wote anamaanisha wote unaoonekana. Karibu kila mara unarudi. Njia zote tatu hapa chini hununua muda au hupunguza mateso, na anayewaahidi uponyaji, awe wakala wa hospitali ya ng'ambo, muuza mitishamba au mchungaji, ana kitu anachouza.

Vipimo vya kulinganisha

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inaongeza muda gani, siku hizo zinakuwaje, fedha zinakwenda wapi, hatari zake, na kazi inayobakia kwa watu wa nyumbani.

Lakini kuna kipimo kinachotangulia vyote, nacho ni nguvu za mgonjwa leo. Madaktari hutumia alama za Karnofsky, kutoka 0 hadi 100. Alama 70 ni mtu anayejihudumia mwenyewe, anaoga, anakula, anakwenda chooni, ingawa hawezi kufanya kazi. Juu ya hapo, tiba nzito ina maana zaidi. Chini sana ya hapo, tiba hiyo hiyo inaweza kumchosha kuliko ugonjwa. Mwombeni daktari aandike alama hiyo kwenye karatasi, maana mjomba aliyeko Kolwezi anamkumbuka mgonjwa wa mwaka jana, na kwa kumbukumbu hiyo ndiyo anatoa ushauri.

Tiba kamili ng'ambo

Hii ndiyo njia iliyo kwenye vitabu vya madaktari tangu 2005: upasuaji wa kutoa uvimbe kadiri inavyowezekana, kisha mionzi mara 30, siku tano kwa wiki kwa wiki sita, pamoja na vidonge vya temozolomidi, dawa ya saratani, kila siku. Baada ya mapumziko ya wiki nne, vidonge huendelea kwa mizunguko sita, siku tano katika kila siku 28.

Muda. Katika utafiti wa Ulaya na Kanada uliotolewa mwaka huo wa 2005, kwa wagonjwa wasiozidi miaka 70, nusu ya waliopata mionzi na temozolomidi walivuka miezi 14.6, kwa mionzi peke yake ilikuwa miezi 12.1. Baada ya miaka miwili walikuwa hai asilimia 26.5 dhidi ya 10.4. Msiangalie miezi miwili na nusu tu, ile ya miaka miwili ndiyo inayowafanya madaktari waing'ang'anie. Kuna kipimo cha kipande cha uvimbe kiitwacho MGMT ambacho husaidia kujua nani atanufaika zaidi na vidonge. Kama biopsia yenu inapelekwa maabara ya nje, kiombeni.

Siku zenyewe. Mionzi haiumi. Mgonjwa hutengenezewa barakoa ngumu ya plastiki inayoshika uso usitikisike, analala nayo dakika chache kila siku. Wapo wanaoiogopa barakoa kuliko ugonjwa, na inafaa kuwaambia mapema. Uchovu huja wiki ya tatu au ya nne na hubaki baada ya mionzi kwisha. Nywele hutoka pale miali inapopita. Tiba huanza wiki kadhaa baada ya upasuaji, kidonda kikishapona, hivyo hesabuni kama miezi mitatu nje ya nyumba. Kwa mtu ambaye pengine amebakiwa na mwaka na kidogo, hiyo ni sehemu kubwa ya maisha.

Fedha. Proforma ya hospitali, yaani hesabu ya makadirio, huwa na upasuaji, vitanda na mionzi. Haina chumba cha kupanga, chakula cha mgonjwa na mlinzi wake, yaani ndugu anayemhudumia, kwa miezi mitatu, tiketi zinazobadilishwa tarehe, viza ya matibabu inayoongezwa muda. Na kuna jambo ambalo kikaoni hakuna anayetaka kulitaja: gharama ya kurudisha mwili ikiwa atafia huko. Litajeni. Kwa anayefanya kazi kwenye kampuni ya migodi, pateni kwa maandishi kile ambacho huduma ya afya ya kampuni italipa na itakapoishia.

Msikubali haraka vitu vya ziada vinavyoongezwa kwenye hesabu. Bevasizumabu, kwa mfano, ni dawa ya bei kubwa inayopunguza uvimbe wa maji, lakini majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2014 hayakuona ikirefusha maisha ya wagonjwa wapya. Kuna pia kifaa cha umeme cha kuvaa kichwani ambacho kweli kiliongeza miezi katika utafiti wa 2017. Kinavaliwa saa 18 kwa siku juu ya kichwa kilichonyolewa na kinataka betri zenye chaji wakati wote. Anayeishi Katuba au Ruashi, mitaa yetu ya Lubumbashi ambako umeme hukatika, anajua tatizo liko wapi.

Hatari. Upasuaji unaweza kuacha kupooza au kupoteza maneno, kulingana na mahali uvimbe ulipo. Temozolomidi hushusha chembe za damu, hivyo kipimo cha damu, kile maabara zetu huandika NFS, hufanywa kila wiki wakati wa mionzi, na mara nyingi kotrimoksazoli huongezwa kuzuia nimonia.

Kazi ya nyumbani. Mizunguko sita ya vidonge inaweza kumeziwa Lubumbashi, ikiwa kuna daktari wa hapa aliyekubali mapema kufuatilia NFS na vidonge vimenunuliwa vya kutosha. Humezwa tumbo likiwa tupu, baada ya dawa ya kichefuchefu, na kapsuli haifunguliwi.

Mionzi ya muda mfupi Lusaka

Cancer Diseases Hospital ya Lusaka ilifunguliwa 2007, na kwa mtu wa Lubumbashi inafikika kwa barabara kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wengi wetu tuna ndugu upande wa pili, na mlinzi wa mgonjwa anayejua Kibemba hatapotea sokoni wala wodini. Ripoti ni shida nyingine: zetu zimeandikwa Kifaransa, kule wanasoma Kiingereza. Zitafsirini kabla ya kuondoka, na picha za IRM ziwe kwenye CD, maana ile karatasi ya majibu peke yake haitoshi kupanga mionzi. Kisha pigeni simu kuuliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo na foleni ni ndefu kiasi gani. Mgonjwa wa glioblastoma hana miezi ya kungojea zamu.

Muda. Ufupi wa tiba hii una ushahidi wake. Mionzi mara 15 kwa wiki tatu imetumika kwa wazee kwa miaka mingi, na utafiti wa 2017 kwa watu wa miaka 65 na kuendelea ulionyesha kwamba kuongeza temozolomidi juu yake kulisogeza muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka kutoka miezi 7.6 hadi 9.3. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki nalo lilifadhili jaribio lililotolewa 2015, likilinganisha mionzi mara tano ndani ya wiki moja na ile ya wiki tatu kwa wazee na watu dhaifu: hakukuwa na tofauti ya maana katika muda wa kuishi. Daktari akiwapendekezea wiki moja au tatu badala ya sita, msidhani anawanyima kitu kwa sababu mmetoka Kongo.

Siku zenyewe. Uchovu upo, lakini mgonjwa anarudi nyumbani mapema, na hilo lina uzito. Fedha ni kidogo kuliko India au Afrika Kusini, ingawa nauli, chumba na chakula bado vipo, na mpakani kila karatasi ina bei yake.

Hatari. Mionzi inaweza kuongeza maji kwenye ubongo kwa muda, hivyo dozi ya deksamethasoni hupangwa upya. Safari yenyewe ni hatari ya pekee: watu wenye uvimbe huu hupata damu iliyoganda miguuni kuliko wengine, na siku nzima ya kukaa garini huzidisha. Simamisheni gari, mgonjwa atembee au akunjwe miguu. Mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikatika ghafla, hiyo ni dharura.

Halafu kuna kijitabu cha njano. Atokaye Kongo huombwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, Zambia na Afrika Kusini pia. Tangu 2016 cheti hudumu maisha yote, kwa hiyo cha zamani kinafaa. Lakini chanjo hiyo ina kirusi hai, na mtu aliye kwenye dozi kubwa ya deksamethasoni hapaswi kuchanjwa. Kama hana cheti, daktari aandike hati ya kumsamehe, na muulize upande wa mpakani kama itapokelewa. Msinunue muhuri barabarani, wala msimchanje kwa haraka asubuhi ya safari.

Kazi ya nyumbani ni kama ya njia ya kwanza, isipokuwa huja mapema zaidi.

Matunzo Lubumbashi

Watu huiita njia hii kukata tamaa, nami naona wanakosea, kwa sababu ikifanywa vizuri ina kazi nyingi kuliko hizo mbili. Tena haisubiri nyingine zishindwe: anayekwenda India au Lusaka anaihitaji tangu siku ya kwanza.

Muda. Nchini Ufaransa, utafiti wa 2007 kwa wagonjwa wa miaka 70 na zaidi ulilinganisha matunzo peke yake na matunzo pamoja na mionzi: nusu walivuka wiki 16.9 na 29.1. Mionzi haikuharibu hali ya maisha yao. Nalisema hili wazi ili anayechagua kubaki ajue anachokiacha. Lakini wale walikuwa bado wanaweza kujihudumia. Kwa mtu ambaye hashuki kitandani hesabu inabadilika.

Siku zenyewe hutegemea sana dawa ya kwanza, deksamethasoni. Hupunguza maji kuzunguka uvimbe, na mara nyingi ndani ya siku moja au mbili kichwa kinapoa, kutapika kunakoma, na mkono uliolegea unashika kikombe tena. Familia hudhani amepona. Hapo ndipo wengine hufanya kosa la kuiacha, au mgonjwa hupelekwa kwenye chumba cha sala na kuambiwa afunge bila dawa. Dawa hii ikiachwa ghafla baada ya wiki kadhaa mwili unaweza kuanguka vibaya, hata kufa. Sala iendelee, na dawa iendelee. Itolewe asubuhi, ikibidi na mchana, kwa sababu ikimezwa jioni usingizi hauji. Sukari ya damu ipimwe. Uso kuvimba, njaa isiyoisha ya bukari, utando mweupe mdomoni na mapaja kukosa nguvu ya kuinuka kwenye kiti ni madhara yake, yanayomfanya daktari atafute dozi ndogo inayotosha.

Kifafa ni jambo la pili. Akishikwa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, hospitali. Dawa ya kuzuia humezwa kila siku kwa saa ile ile. Levetirasetamu haigombani na dawa nyingine kama inavyofanya fenobabitali, ila huwafanya baadhi wawe na hasira.

Hasira yenyewe inastahili aya yake. Uvimbe ukiwa sehemu ya mbele ya ubongo, baba mpole anaweza kuanza kutukana, kutoa pesa ovyo, kukojoa sebuleni bila aibu. Majirani watataja uchawi, na mara nyingi mke au mtoto ndiye atakayenyooshewa kidole. Ni ugonjwa unaoongea. Daktari awaeleze wakubwa wa familia hilo mapema, wote wakiwa wamekaa pamoja.

Maumivu ya kichwa yatokanayo na presha hujibu deksamethasoni kuliko mofini, lakini mofini ina nafasi yake, na dozi iliyopangwa vizuri haiharakishi kifo. Ikitolewa, dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja nayo. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Akianza kupaliwa na uji, msimlazimishe kula. Ulizeni dawa zipi zitaweza kutolewa chini ya ngozi au kwa njia ya haja kubwa, na muulize kabla siku hiyo haijafika.

Fedha hapa huenda kidogo kidogo: dawa, nepi, muuguzi wa kuja nyumbani, teksi ya usiku. Michango ya ndugu huja kwa kishindo kwa ajili ya safari na huisha wakati wa kukaa. Hatari kubwa ni duka la dawa kuishiwa, kwa hiyo wekeni akiba ya wiki mbili ya deksamethasoni na ya kifafa. Kazi ya nyumbani ni yote, na kwa kawaida humwangukia binti mmoja. Gawaneni zamu.

Kwa hali yenu

Mgonjwa ana miaka chini ya 65, anatembea na kujihudumia, daktari wa upasuaji anasema uvimbe unatoleka, na fedha zipo bila kuuza nyumba wanayokaa watoto: tiba kamili ina hoja nzuri. Tengeni fungu la matunzo ya baada ya kurudi kabla ya kulipa tiketi ya kwanza.

Ana nguvu lakini fedha zinafika Lusaka tu: mionzi peke yake ndiyo sehemu kubwa ya faida. Kama ni kijana, waulizeni kuhusu wiki sita. Wiki tatu si lazima. Temozolomidi ya kampuni za India hupatikana kwa bei nafuu kuliko ya asili, na inaweza kuongezwa baadaye.

Amevuka 70 na bado anajiogesha: wiki moja au tatu za mionzi, kama yeye mwenyewe anaitaka safari. Akisema anataka kubaki na wajukuu, hilo ni jibu kamili.

Halii tena kwa maumivu lakini hashuki kitandani na anachanganya majina: jaribuni deksamethasoni kwa siku chache, kisha pimeni nguvu upya. Akiamka, kikao kinaweza kuanza tena. Asipoamka, fedha zote ziende kwenye matunzo.

Bado anaongea na kuelewa, lakini familia imeamua asiambiwe: fikirini tena wiki hii. Uvimbe huu unaweza kuchukua maneno na busara kabla ya kuchukua mwili, na maswali ya nani alee watoto, hati ya kiwanja iko wapi, na azikwe wapi, anaweza kuyajibu sasa.

Mgonjwa ni mtoto: msitumie ukurasa huu. Watoto wana uvimbe wa aina nyingine, na mmoja wao, medulloblastoma, ni mkali lakini wengi hupona wakipata upasuaji, mionzi na dawa. Kwa mtoto, safari ina uzito tofauti kabisa.

Na kwa ndugu walio Goma na Bukavu, mahali pa Lusaka wekeni Kigali, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe ina tiba ya mionzi tangu 2019. Huko pia, swali la kwanza kwa simu ni lile lile la mashine na foleni, na la pili ni kama mpaka uko wazi kwa mgonjwa na mlinzi wake kwa wiki zote za tiba, kwenda na kurudi.